Homa ya Mpima Ardhi

Tarehe 9 Januari

Mwanangu,

Marahaba mapema, maana najua shikamoo yako iko njiani. Sisi wazima, ukiacha goti langu la kushoto ambalo limeamua kuzeeka peke yake bila kumsubiri mwenzake. Mama yako hajambo. Jana alipita hapa karakana akanikuta nimebana misumari mdomoni, siwezi kumjibu. Akakaa saa nzima. Alisema mimi mdogo wake sijawahi kuwa msikivu namna hiyo tangu nizaliwe. Anauliza kama baridi ya huko bado inakupasua midomo.

Mdogo wako, fundi umeme, amepatwa tena. Ni yale yale: jioni anatetemeka, usiku tumbo linakuwa gumu kama ubao, akivuta pumzi kifua kinamchoma. Siku ya tatu anaamka anadai chakula kana kwamba hakuumwa yeye. Hospitali wamempima kila kinachopimika, hawaoni mdudu. Safari hii daktari mmoja kijana alidhani ni kidole tumbo, akataka kumpasua. Mwenyewe akachomoa mpira wa dripu akarudi nyumbani kwa miguu. Ndiye huyo mwanangu wa kumzaa, na mwaka huu anataka kuoa.

Lakini si hilo tu lililonikalisha niandike. Wiki iliyopita mkokoteni uliingiza viti hapa karakana, vya mbao nyeusi, migongo mirefu, vya kubadilishwa sponji na kitambaa. Mpagazi akasema ni vya mama mmoja mtu mzima ambaye kaka yake anastaafu na wanamwandalia hafla. Nikageuza kiti cha kwanza miguu juu. Mguu mmoja umeungwa kwa bati. Bati lile nililigongelea mimi, nikiwa mke wa huyo kaka yake.

Unajua walivikalia kwa shughuli gani mara ya mwisho nilipoviona? Wewe ulikuwa mtoto, hukusimuliwa yote. Tulikuwa tumemzika Chiriku, mtoto wangu wa kwanza, juzi yake. Unamkumbuka alivyokuwa akiongea mpaka usingizini, ndiyo maana tukamwita hivyo. Miezi yake ya mwisho alivimba uso, akavimba miguu mpaka kandambili zikamkataa. Basi wakakaa ndugu wa mume wangu kwenye viti hivi, mimi nikawekwa chini. Dada yake, Wifi Mkubwa, akasema mtoto havimbi vile bila kulishwa kitu. "Mikono yako ina sumu," akaniambia. "Ondoka kabla hujammaliza na huyo mdogo." Na mume wangu, mpima ardhi, mtu aliyeweza kugombana na kijiji kizima kwa sababu ya hatua moja ya mpaka, alikaa anatazama kucha zake.

Niliondoka na begi moja na mdogo wako mgongoni. Mama yako akafungua mlango. Wewe ukasogea kitandani, ukanipa upande wa ukutani.

Leo wifi yangu ananiletea viti nimvalishie. Ama hajui karakana hii ni ya nani, ama anajua na hajali. Sijui lipi linaniuma zaidi. Nimevipokea. Nitavifanya vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Nataka mtu akikaa asipate sababu ya kuinuka kabla sijamaliza kusema ninachotaka kusema.

Mama yako ananiambia kazi yako ni kuchunguza mwili unavyojichoma wenyewe. Basi niambie kinachomchoma mwanangu. Kwa simu sitaki, mafundi wangu wana masikio marefu kuliko mikasi yao.

Mama yako mdogo


Tarehe 20 Februari

Mama mdogo, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa na friza iliyokufa wikiendi nzima bila mtu kujua, na tukapoteza damu za wagonjwa tulizozikusanya kwa muda mrefu. Profesa wetu, ambaye huongea kwa kunong'ona hata akifurahi, siku hiyo alisikika hadi ghorofa ya chini. Sasa tumetulia. Mwambie mama midomo imepona, nimenunua mafuta.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Namkumbuka Chiriku vizuri. Likizo zote tulilala kitanda kimoja. Nilikuwa najifanya nimelala ili anyamaze, naye akijua najifanya, anaongeza sauti.

Nikueleze kazi yangu bila kukuchosha. Mtu huzaliwa na walinzi ndani ya damu. Hawafundishwi na mtu wala hawangojei chanjo. Wakigusa mdudu tu wanapiga kengele, na mwili unawaka: joto, wekundu, maumivu, uvimbe. Ndiyo hiyo tunaiita inflamesheni. Bila huo mwako kidonda kidogo kingetuua. Mimi nachukua chembe nyeupe za damu, naziwekea kipande cha ganda la bakteria aliyekufa, halafu napima zinavyopiga kelele. Nina kibao cha plastiki chenye vishimo. Maji ndani yake yanageuka manjano, na manjano ikikolea najua kelele ilikuwa kubwa.

Sasa kuna watu ambao kengele yao inalia bila mwizi. Hawana mdudu, hawana kidonda. Homa inawapanda, utando wa tumbo unawaka, utando wa kifua unawaka, siku mbili tatu, kisha kimya. Wengi wamepasuliwa matumbo bure. Wengine wameambiwa wamerogwa. Na mwako huo ukirudi mwaka baada ya mwaka bila dawa, mwili hutengeneza protini fulani nyingi mno, ikaenda ikajaa kwenye figo. Figo zikishindwa, mtu huvimba. Huanza uso na miguu.

Naandika sentensi hiyo polepole, mama mdogo, na wewe uisome polepole.

Naomba damu ya mdogo wangu, na yako pia. Daktari mwenzetu wa hospitali kuu, yule mwenye kibyongo kidogo, atawapokea, nimeshamweleza. Na nina swali. Huu ni ugonjwa wa kurithi. Katika nyumba ile hakuwahi kuwepo mwingine wa homa kama hizo?

Mwanao


Tarehe 11 Machi

Mwanangu,

Hatujambo. Damu tumetoa. Daktari wako wa kibyongo ana mkono mwepesi, sikuhisi sindano, ila ana maswali mengi kama karani wa kodi. Mdogo wako alipoiona damu yake kwenye chupa akageuka rangi. Mtu anashika nyaya za umeme kwa mikono mitupu, damu kidogo inamtoa jasho!

Swali lako limeninyima raha. Nilikuwa nabandika sponji, gundi ikakauka kwenye brashi, mimi nimesimama.

Mpima ardhi hakuumwa. Ndiyo ilikuwa sifa yake. Miaka yote niliyokaa naye sikumwona hata na mafua. Ila alikuwa mtu wa safari. Anakula vizuri, ghafla anasukuma sahani, anasema ameitwa kupima mashamba, hata kama jua limekwisha kuzama. Anavaa koti, anatoka ameinama kidogo, mkono tumboni. Siku ya tatu anarudi ameisha mashavu, anakula kama jeshi. Mimi nikajua ana mwanamke. Nikanuna, nikalia, nikamtafuta huyo mwanamke kwa macho kila sokoni nilikokwenda.

Safari moja aliondoka "kupima", mimi nikafagia nyuma ya mlango nikakuta ile miguu mitatu ya kusimamishia darubini yake. Ameiacha. Nikacheka peke yangu, nikasema leo anapima kwa viganja. Sikufikiri zaidi ya hapo. Mwanamke mwenye wivu huona kitu kimoja tu.

Na Wifi Mkubwa kila mara ndiye aliyejua kaka yake yuko wapi. Nikipita kwake siku hizo namkuta anafua mashuka. Mlango wa chumba cha nyuma umefungwa. Ananipokea nje, ananipa kigoda nje, maji nje. Mimi nikadhani ni dharau.

Mwanangu, kama walikuwa wanajua, kama yule mwanamke alikuwa anafua jasho la homa ile ile halafu akasimama mbele za watu akasema mikono yangu ina sumu, basi sina haja ya kumwomba Mungu subira tena. Nimeomba vya kutosha. Sasa naomba sauti.

Hafla ni Jumamosi ya mwisho ya Mei. Nahitaji majibu kabla. Viti vimebaki vichache, kitambaa nimechagua mwenyewe, rangi ya damu ya mzee. Wifi amesema kupitia mpagazi kwamba amekipenda.

Mama yako mdogo


Tarehe 2 Mei

Mama mdogo, shikamoo.

Mama ameniandikia kwamba umewapigia kelele watu wa posta, ukidhani barua yangu wameikalia. Waombe radhi, ni mimi niliyechelewa. Nilirudia kipimo, kisha nikampa mwenzangu arudie bila kumwambia ni damu ya nani.

Ni ugonjwa wenyewe. Chembe za mdogo wangu niliziwekea ganda la bakteria kidogo sana, kiasi ambacho chembe za mtu mwingine hazingeshtuka, na vishimo vyake vikawa vya manjano kuliko vyote mezani. Halafu tukasoma jeni yake, tukakuta kosa tulilolitarajia. Unaitwa homa ya kurithi ya kurudiarudia. Dawa ipo, kidonge cha kila siku, dawa ya zamani iliyotokana na ua. Daktari ameshamwandikia. Aanze leo, asiruke hata siku moja, hata akijisikia kama simba. Mkojo wake hauna protini, kwa hiyo figo zake ni nzima. Tumewahi.

Tungeweza kumuwahi na Chiriku. Dawa hii ilikuwepo alipokuwa hai. Lakini daktari angehitaji mtu mmoja wa kumwambia: baba yake ana homa kama hizi.

Mama mdogo, mambo uliyoyaeleza kuhusu mpima ardhi ni ugonjwa huu mwanzo mwisho. Mtu mwenye homa hizo hana namna ya kutompa mtoto wake jeni mbovu. Hukumlisha Chiriku kitu. Alivimba kwa sababu figo zake zilijaa. Hakuna mkono wa mtu uliomgusa.

Sheria za kazi yangu zinanitaka niseme kwamba majibu ni ya kutibia, si ya kupigania. Nimesema. Sasa nasema la kwangu: nenda. Vaa ile nguo yako ya kijani. Usiongee haraka, ukikasirika unameza maneno. Waangalie mmoja mmoja.

Mwanao


Tarehe 4 Juni

Mwanangu,

Kaa kwanza.

Mama yako hajambo, mdogo wako anakunywa dawa yake na mwezi umepita bila homa, goti langu limesahau kuuma. Haya, salamu zimekwisha.

Viti nilivipeleka mwenyewe asubuhi ya hafla. Nikavipanga ukumbini kwao, nikavipangusa. Kisha sikuondoka. Nilikwenda uani nikavaa ile ya kijani. Watu wakajaa: maofisa wa ardhi, majirani, na ndugu wote wa mpima ardhi waliobaki, wale wale. Wamezeeka, lakini kila mmoja alikwenda kukaa kama ana namba yake. Wifi Mkubwa akaniona wakati anagawa vinywaji.

"Wewe? Nani amekualika?"

"Viti," nikamwambia. "Nimekuja kuona vinavyokaliwa."

Hakuweza kupiga kelele mbele ya wageni. Nikakaa nyuma.

Mpima ardhi alikuwa mbele, amevaa suti na ndala. Ndala! Nikatazama miguu yake. Imejaa kama maandazi, imeng'aa. Nikajua nilichokuwa nakitazama, kwa sababu ulishaniandikia.

Mkubwa wake wa kazi akasimama kumsifu. Akasema miaka yote ya utumishi hajawahi kuomba ruhusa ya ugonjwa, mtu wa chuma. Makofi. Nikanyanyuka makofi yakiwa bado hayajakauka.

"Mimi nilikuwa mke wake," nikasema. "Naomba niongeze moja." Halafu nikamgeukia yeye. "Baba Chiriku, ile safari uliyokwenda kupima ukasahau miguu ya darubini nyuma ya mlango, ulipima kwa kitu gani? Kwa viganja?"

Watu wakacheka. Walidhani ni utani wa mtalaka. Yeye hakucheka.

"Ulikuwa unakwenda kwa dada yako," nikasema, "chumba cha nyuma. Siku ya kwanza unatetemeka, ya pili tumbo kama ubao, ya tatu unaamka unadai chakula. Anakufulia mashuka. Nimesema uongo?"

Wifi Mkubwa akapaza sauti: "Mtoeni huyu mwanamke!"

Hakuna aliyeinuka. Na aliyesema si mimi, ni mke wa sasa wa mpima ardhi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia. Mwanamke mpole, sikuwahi kumsikia sauti. Akasema, "Mwacheni. Siku tatu ni kweli. Mimi hunifungia mlango."

Wageni wote wakanigeukia. Basi nikawaeleza, polepole kama ulivyonifunza. Jina la ugonjwa. Jeni. Figo. Kwamba mwanangu amepimwa na ameonekana, kwamba homa ni ile ile ya baba yake, na kwamba Chiriku alivimba kwa hiyo. Nikamuuliza: "Ulimwona mtoto anashikwa kama unavyoshikwa wewe. Ulijua?"

Akatazama kucha zake. Mwanangu, kucha zile zile!

"Mama yetu alitukataza," akasema chini chini. "Alisema tukijulikana tuna maradhi hakuna atakayeoa wala kuolewa kwetu."

"Sikukuuliza mama yenu alisema nini. Ulijua?"

"Nilijua."

"Sema kwa sauti. Waliokuwepo siku ile wengine siku hizi hawasikii vizuri."

Akasema kwa sauti. Wifi Mkubwa akafunika uso kwa upande wa kanga. Mjomba wao mmoja, ambaye siku ile alipendekeza nifukuzwe bila hata sufuria, akawa anapapasa kitambaa cha kiti kama anayekitafutia bei.

Nikachukua mkoba wangu. Nimefika mlangoni, nikasikia mpima ardhi ananiita kwa jina langu la zamani, lile alilonipa yeye. Akauliza, "Dawa ipo?"

Nikamwambia, "Ipo."

Nikaenda zangu.

Wanasema kisasi hakishibishi. Waongo, au hawajawahi kukila cha moto. Nilifika nyumbani nikalala kama mtoto aliyenyonya.

Mama yako mdogo


Tarehe 25 Juni

Mama mdogo, shikamoo.

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mwambie mdogo wangu nimefurahi sana kusikia dawa imemkubali.

Nilipofika kwenye neno "Ipo" nilicheka kwa sauti, maabara nzima ikageuka. Jioni nikaisoma tena na sikucheka. Miguu ile, mama mdogo. Figo zinakufa. Akitibiwa sasa, kinachobaki kinaweza kuokolewa. Akikaa bila dawa, mwaka ujao hakitakuwepo cha kuokoa. Mimi nimesomea kuzima moto huu. Siwezi kujua unamla mtu nikanyamaza, hata mtu yule. Naomba uwapelekee jina la ugonjwa na jina la daktari wetu. Vidonge vya mdogo wangu usimpe, kwa figo zile kipimo chake ni kingine, aangaliwe kwanza. Ukikataa nitamwandikia mke wake mwenyewe. Sikutishi, nakuarifu.

Kuna la pili.

Damu yako. Hukuniuliza kuhusu damu yako, na mimi sikuandika. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Ugonjwa hautoki mpaka nakala zote mbili ziwe mbovu. Mpima ardhi, kwa dalili zake, ana mbili mbovu. Wewe unayo moja. Moja haimuumizi mwenye nayo, hukuumwa hata siku moja, hakuna namna ungejua. Lakini homa ya mdogo wangu imetoka kwenu wote wawili. Na ya Chiriku pia.

Nimejipima na mimi. Ninayo, moja, kama wewe. Imetoka upande wenu.

Majibu yako yalikuwa mezani siku niliyokuandikia uende. Sikusahau. Kila nilichokuandikia kilikuwa kweli, nikaacha kipande. Nilitaka uingie nyumba ile kichwa juu. Nilitaka waanguke, na nilitaka waanguke wote, bila kipande chochote cha wao kushikilia.

Kosa la mpima ardhi halikuwa kwenye damu. Lilikuwa mdomoni. Hilo halijabadilika. Tafadhali niandikie.

Mwanao


Tarehe 30 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako hajambo, anakulaumu kwamba umekuwa unampigia simu kuniulizia mimi. Nilimwambia niko na kazi nyingi. Ni kweli, nimevalisha makochi ya hoteli nzima.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Nikaikunja, nikaendelea kupiga misumari. Nilipiga mpaka fundi wangu mmoja akaniuliza kama lile kochi limenikosea.

Mdogo wako alikuwa anajua. Daktari wa kibyongo alimweleza tangu Mei, kwa sababu ya kuoa, ili mchumba naye apimwe. Mchumba ameonekana hana jeni hiyo. Miezi yote hiyo mwanangu amenitazama nikitamba mitaani, nikisimulia habari ya ukumbi ule kwa kila aliyeleta kiti, na hakusema neno. Nilipomuuliza akasema, "Mama, ulikuwa unafurahi." Akarudi kwenye nyaya zake.

Kwa mpima ardhi nilikwenda. Sikwenda upesi. Nilimwacha mwezi mzima wa Julai. Huo nilijipa mimi, usiniulize.

Wifi Mkubwa ndiye aliyefungua. Safari hii nilikaribishwa ndani. Nikamtajia jina la ugonjwa na la daktari, nikamwambia arudie. Akakosea. Nikamwambia arudie tena. Nilimrudisha mpaka likamtoka sawasawa, yule aliyekuwa na maneno mengi kuliko mahakama, sasa anatamka nyuma yangu kama mtoto wa chekechea. Kaka yake alikuwa kitandani, mlango wazi, anasikia. Nikawaambia na watoto wa mke wa sasa wapimwe, mmoja mmoja, wasifichwe.

Sasa anatibiwa. Daktari anasema figo zimebaki kidogo, lakini zimebaki. Usinisifu. Sikumsamehe, wala sitamsamehe hata nikifa. Nataka aishi. Maiti haoni haya. Nataka azeeke pale mtaani, apite dukani, watoto wa watu waulizane ni nani, waambiwe.

Nikitoka, mke wake alinisindikiza hadi getini. Ni mwanamke mwenye akili, amekwisha kuongea na madaktari. Akanishika mkono, akasema, "Dada, nimesikia ugonjwa huu lazima uwe na upande wa mama pia. Wewe walikupima?"

Nikamwambia walinipima.

"Wakaona nini?"

Nilimtazama machoni. Nyuma yake, Wifi Mkubwa alikuwa amesimama barazani, ametega sikio, shingo ndefu kama ya bata.

"Mimi?" nikasema. "Ni ya mume wako peke yake. Mimi safi kama maji."

Nimesema, na siirudishi. Ungeniambia ile siku ya Mei, ningekwenda vilevile. Ningesimama vilevile na kumuuliza vilevile kama alijua. Ila ningekwenda nikijua mwenyewe ninachokibeba, na pengine siku ile getini ningekuwa na mdomo wa kusema kweli. Wewe ulinipa silaha ukakata mpini, nikaja kuona nimeshikilia makali. Sasa nishike hivyo hivyo. Wao walificha ya kwao, mtoto wangu akavimba mpaka akafa. Mimi nitaficha ya kwangu, na hakuna atakayekufa kwa hilo isipokuwa mimi kidogo kidogo.

Usiku huwa namwona Chiriku. Zamani nilikuwa namwambia ni wao. Siku hizi yeye anaongea, mimi nanyamaza.

Arusi ya mdogo wako ni Desemba. Njoo, wewe ni mtoto wa nyumba hii na kitanda chako kipo. Wifi Mkubwa na nduguze wamealikwa, nimewaalika mimi, nawataka mstari wa mbele. Watakusalimu, watakuuliza habari za kazi yako, maana sasa wanajua ni wewe uliyesoma damu zetu. Wataizunguka ile habari mpaka wafike kwenye damu yangu. Wewe utawajibu nilivyojibu mimi, na utawatazama machoni.

Kila nyumba yenye maradhi, naona, inahitaji mtu wa kufua mashuka.

Mama yako mdogo